Neno Ambalo Kaini Hakulisema

Katika Mwanzo 4:8, matini ya Kiebrania inaeleza kwamba Kaini alimwambia nduguye Habili jambo, lakini maneno yenyewe hayamo. Punde ndugu hao wako kondeni, na Habili anauawa.

Wafasiri wa kale hawakulivumilia pengo hilo. Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ambayo Torati yake ni ya karne ya 3 K.K., inamtia Kaini kinywani mwaliko wa kwenda kondeni. Torati ya Wasamaria nayo inao. Yamkini mnakili fulani aliyaruka maneno hayo.

Marabi walishika njia nyingine. Katika Bereshit Rabba, mkusanyo wa ufafanuzi wa takriban karne ya 5 B.K., ndugu hao wanagawana ulimwengu: mmoja anatwaa ardhi, mwingine mali inayohamishika. Mwenye ardhi anamfukuza mwenziwe juu ya udongo wake. Mwenye mali anamtaka huyo avue nguo alizovaa. Rai ya pili inadai waligombea mahali pa kujengwa Hekalu. Ya tatu, mwanamke. Rai zote zimewekwa sambamba.

Hapa pana funzo kwa mhakiki. Anayeliziba pengo kwa mwaliko hupata sentensi kamili, na pengine ndiyo sentensi ya asili. Hata hivyo, mwaliko hauelezi mauaji. Marabi waliuliza kwa nini ndugu humuua nduguye, wakataja ardhi, mali, dini na mapenzi. Sababu hizo hazijazeeka, wala hakuna hata moja iliyomwondolea Kaini hatia.