Ndege juu ya mbuzi wa Kiamaiko

Kiamaiko inajulikana jijini Nairobi kwa mbuzi. Jumapili asubuhi, ukipita kati ya vichinjio vyake, utakutana na mikokoteni ya ngozi, akina mama wanaonunua matumbo na vichwa, na mwewe wanaozunguka juu wakingoja zamu yao. Mwanangu wa gredi ya sita alikuwa akiwatazama mwewe hao helikopta ya kijeshi ilipopita chini chini.

"Baba, hizi hutoka wapi?"

Hutoka ng'ambo ya Barabara ya Juja, nyuma ya ukuta ambao abiria wa matatu huupita kila siku bila kuutupia jicho. Ni kambi ya wanahewa, Moi Air Base. (Kamera iache nyumbani, askari wa langoni hawana mzaha.) Zamani huo ndio uliokuwa uwanja wa ndege wa Nairobi, ukiitwa Eastleigh. Wasafiri wa kawaida waliutumia pamoja na wanahewa wa Uingereza hadi uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa 1958.

Binti mfalme Elizabeth alitua hapo Februari 1, 1952. Siku tano baadaye babake alifariki, naye akawa malkia angali Kenya. Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Kuanzia 1953, ndege za Lincoln zenye injini nne zikawa zinaruka kutoka uwanja uleule zikibeba mabomu ya kuangushwa katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, walikokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Hata Embakasi yenyewe ilijengwa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini katika vita hivyo.

Mzee mmoja muuza ngozi, ambaye kumbe alikuwa akitusikiliza, alidakia.

"Mbona humwambii ya 1982?"

Agosti 1 mwaka huo, Jumapili pia, wanahewa waliasi, na Eastleigh ilikuwa mojawapo ya kambi zao. Walitangaza redioni kwamba wametwaa serikali. Jeshi la nchi kavu liliwazima siku hiyohiyo, na kikosi chao kikavunjwa.

"Tulilala sakafuni na watoto, chini ya kitanda," alisema mzee, akikunja ngozi. "Hadi leo nikisikia ndege alfajiri, kijana wangu, hufungua redio kabla ya mlango."