Bonde la Joto na Watu Wake

Katika nchi nyingi joto ni jambo la majira. Katika Ufipa ni jambo la kimo pia. Mji wa Sumbawanga upo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai hapo hauna rafiki mwema kuliko blanketi. Ziwa Rukwa, upande wa mashariki, limelala chini yake kwa mita 1,000 hivi. Kwa kuwa hewa huzidi joto kwa kiasi cha nyuzi 6 katika kila mita 1,000 za mteremko, ashukaye kutoka milima ya Mbizi huingia nchi nyingine kabla hajabadili nguo.

Oktoba na Novemba, mvua zisijafika, jua la bondeni halina masihara. Mtu wa uwandani, aliyezoea kulima mpaka adhuhuri, huwakuta wenyeji wa Muze au Mtowisa wamekaa chini ya miembe saa sita mchana, akafanya haraka kuwaita wavivu. Hukumu hiyo haina haki. Hakuwaona alfajiri walipokuwa mashambani, wala hangojei kuwaona jioni watakaporejea huko. Watu hao hawakuikimbia kazi. Wameigawa kwa kufuata jua.

Silaha kubwa ya mwili dhidi ya joto ni jasho. Likaukapo juu ya ngozi huondoka na joto. Lakini huondoka pia na maji na chumvi, na hewa yenye unyevu mwingi hulikawiza kukauka. Mwili wa mgeni huhitaji wiki 1 au 2 kujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Asiyeustahi muda huo hujitia hatarini: ngozi huwaka, maneno huchanganyika, fahamu hupotea. Aliyefikwa na hayo hahitaji mawaidha. Ahitaji kivuli, maji baridi mwilini, kupepewa, na tabibu upesi. Aendaye kwa wenye chongo hufumba jicho. Aendaye kwa wenye joto hupunguza mwendo.

Wala bonde si mahali pa adhabu. Mpunga hustawi huko. Chumvi ilipikwa Ivuna, kusini mwa ziwa, tangu kabla ya karne ya 15. Pamba iliyoikataa baridi ya uwandani ilikubali kukua bondeni, ikafumwa nguo, na uwanda nao ulikuwa na chuma chake cha majembe. Uwanda ulivaa matunda ya joto ambalo haukulipenda.

Leo funzo la bonde lapanda mlima. Dunia imezidi joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19, na uwanda wa Ufipa haukusamehewa. Nyumba ya bati isiyo na dari wala mti kando yake, ambayo huko juu ni fahari, bondeni huwa tanuri mchana. Na mtu wa uwandani hana ahadi ya kuwa yake haitakuwa hivyo. Zamani alishuka akidhani anakwenda kuwafunza watu wa chini bidii. Sasa yampasa apande na akili zao: kuamka mapema, kupumzika bila haya, na kupanda miti. Kivuli hakinunuliwi siku ya jua. Hupandwa miaka mingi kabla yake.