Kebo iliyonitoa jasho Kawangware

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa cha kebo.

Anti yangu ana kibanda cha kukata stika Kawangware, karibu na steji ya 46. Ana plota moja ya kisu, inayosoma amri za HP-GL na kukata majina ya maduka na maandishi ya matatu. Panya walikula kebo yake, akanunua nyingine Luthuli Avenue. Ikaingia sawasawa pande zote mbili, lakini plota ikanyamaza. Fundi mmoja akamwambia bodi imekufa, atafute pesa ya nyingine. Na malipo ya kwanza ya mwenye matatu alikuwa ameshalipia kodi ya nyumba. Ndipo akanipigia simu Kibera: "Si wewe ndiye ulisomea kompyuta?"

Nikaenda. Kama msomi, nikaanza na programu. Nikaondoa draiva, nikaiweka tena, mara mbili. Masaa matatu yakaisha. Anti akaniletea chai bila kusema neno. Kimya chake kiliniuma.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni: kuligawa tatizo.

Plota kwanza. Nikabonyeza kitufe cha majaribio, ikakata umbo lake yenyewe bila kompyuta. Kwa hivyo bodi ilikuwa nzima.

Kisha laptopu. Haina poti ya RS-232, inatumia adapta ya USB. Windows iliipa adapta COM5, ilhali programu ya kukata ilikuwa bado inatuma kwa COM3. Nikarekebisha. Spidi nikaweka 9600 pande zote. Bado kimya. Nikachomoa kebo, nikaunganisha pini ya 2 na ya 3 za adapta kwa kipande cha waya, nikatuma herufi. Zikarudi zote. Adapta nzima.

Ikabaki kebo. Kwenye kompyuta, pini ya 2 hupokea na ya 3 hutuma. Kebo mpya ilikuwa imenyooka, 2 kwa 2 na 3 kwa 3, na plota hii inataka iliyopishana. Kila mmoja alikuwa anaongea mdomoni mwa mwenzake badala ya sikioni!

Jioni nikairudisha Kibera kwa fundi wa redio, jirani yangu. Akaipima kwa testa, akaikata katikati, akapishanisha nyaya mbili, ile ya pini ya 5 akaiunga kama ilivyokuwa.

Asubuhi neno fupi likakatika safi. Jina refu la matatu likavurugika katikati. Kumbe kumbukumbu ya plota ni ndogo, kompyuta inatuma haraka kuliko kisu kinavyokata, na kebo yetu ya nyaya tatu haina waya wa kusema "ngoja". Nikachagua Xon/Xoff pande zote mbili, ili hiyo "ngoja" itumwe kama herufi kwenye waya uleule wa data. Ikakata mpaka mwisho.

Matatu ikapata jina lake, na bodi haikununuliwa. Anti akacheka: "Kumbe digrii yote ilikuwa kwenye nyaya mbili!"

Nami nimejifunza: kebo kuingia si kebo kufaa. Kabla hujagusa draiva, pima kwanza kile unachoweza kushika kwa mkono.

Haya, tuonane siku nyingine.