Jedwali langu la sinema, na jicho la mzee

Mambo ya hifadhidata tuyaache kidogo leo, tuongee sinema.

Mimi nikitaka kwenda sinema hapa Nairobi siamui kwa moyo. Nina jedwali. Kila ukumbi una mstari wake: upana wa skrini, sauti, bei ya tiketi, magari mangapi kutoka Umoja. Kijiprogramu nilichokiandika kinajumlisha alama na kunitajia mshindi. (Ndiyo, marafiki hunicheka. Wacheke tu.) Junction na Prestige, kwa mfano, zote ziko Ngong Road, na kwangu hayo ni magari mawili nikipitia mjini. Mvua ikinyesha, nauli ya kurudi usiniulize. Skrini ya IMAX iliyofunguliwa mwaka 2012 pale 20th Century, mtaa wa Mama Ngina, ilikuwa gari moja tu.

Mwaka 2018, Black Panther ilipotoka, baba alikuwa amekuja kutoka nyumbani kuona daktari. Akasikia kwamba binti wa Profesa Nyong'o ameigiza. "Huyo lazima nimwone," akasema. Mzee mwenyewe sinema yake ya mwisho ilikuwa siku za Odeon, na kabla ya hapo Globe. Siku hizi ukitaja Odeon watu wanafikiria matatu, na ukitaja Globe wanafikiria msongamano wa magari. Shan ya Ngara angalau ilibaki kuwa ukumbi wa maonyesho, ikaitwa Sarakasi Dome.

Basi nikaendesha programu. 3D niliipa alama za juu kabisa, kwani mzee anastahili kilicho bora, au sivyo? Nikanunua tiketi mbili za bei ghali kuliko zote. Ukumbi sitautaja, kosa lilikuwa langu.

Filamu ikaanza. Robo saa haijaisha nikamwona ametoa miwani. Akairudisha. Akaitoa tena. Nikamnong'oneza, "Baba, usiivue, utaona picha mbili mbili."

"Na nikiivaa naona giza, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka amekuja kuona daktari gani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapofushwa na presha ya macho.

Kwa wasiojua: kwenye skrini ya 3D kuna picha mbili zinazotofautiana kidogo, moja ya kila jicho. Miwani huchuja ili kila jicho lipate yake, halafu ubongo huziunganisha na kukuonyesha kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mwenye jicho moja hana cha kuunganisha. Anabaki na picha bapa, tena yenye kiza, maana teknolojia hiyo hupunguza mwanga unaofika jichoni kwa zaidi ya nusu. Akiivua, picha zote mbili zinaingia jicho lile lile, na kila mtu anakuwa na kivuli chake. Haya yote nilikuwa nayajua! Nililipa zaidi ili baba yangu aone vibaya zaidi.

Nikamwambia tutoke. Akakataa, tiketi imeshalipiwa. Akakaa mpaka mwisho amefumba jicho, anasikiliza. Kwenye matatu hakulalamika hata kidogo, ila aliniuliza yule binti alikuwa amevaa nini.

"Kuna mahali alivaa gauni la kijani," nikamjibu.

Usiku huo nilifungua jedwali. Upana wa skrini nilikuwa nimeuandika hadi sentimita, lakini safu ya "naenda na nani" haikuwepo. Nikaiongeza. Nikaongeza pia idadi ya ngazi, choo kiko mbali kiasi gani, na filamu inaisha saa ngapi.

Jumanne iliyofuata tulirudi. 2D, saa nane mchana, ukumbi mdogo, tiketi nafuu. Kwa kawaida mimi hukaa katikati kabisa, theluthi mbili kutoka mbele, kwa sababu mafundi hupimia sauti karibu na hapo. Safari hii tulisogea kushoto, ili skrini iwe upande wa jicho lake zima. Bisi alikataa, akasema zinapiga kelele.

Lile gauni lilipotokea akanigusa mkono. "Ni kijani kweli," akasema kwa sauti, mpaka mtu wa mbele akageuka kututazama.