Heshima ya Mzee Aliyepooza

Mzee akipatwa na kiharusi, neno la kwanza katika familia zetu ni "apumzike." Analishwa, anaogeshwa, anavalishwa, na wajukuu wanashindana kumletea maji. Ni mapenzi ya kweli. Lakini nimemuuguza mama yangu aliyepooza upande wa kulia, na nimesadiki kwamba mapenzi ya namna hiyo yakizidi humfunga mgonjwa kitandani.

Kijana wa fiziotherapia aliyekuja nyumbani alimwekea mama ungo wa mchele mapajani. "Bibi, leo tunachambua kwa mkono huo huo mgonjwa." Mchele ukamwagika. Dada akataka kumpokea ungo, yule kijana akamzuia kwa upole. Mama alitoka jasho, akanuna, akaendelea. Leo anatembea kwa mkongojo na kuandika bado kunamshinda, ila kanga anafunga mwenyewe, na hilo lina thamani kubwa kwake kuliko tulivyodhani.

Seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Zilizobaki ndizo hujifunza kazi za zile zilizokufa, nazo hujifunza kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi mno. Mfano ni mshairi Pedro Bach-y-Rita, mwalimu wa chuo huko New York, ambaye alipata kiharusi mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa na miaka 65. Mwanawe George, aliyekuwa akisomea udaktari, alimchukua hadi Mexico akamwanzisha kutambaa, bega likiegemea ukuta. Kisha wakatambaa hadi nje, na majirani wakasema ni aibu kumtambaza profesa hadharani. George hakuwasikiliza. Baba akaokota gololi, akasugua masufuria, na hatimaye akarudi kufundisha. Alifariki akiwa na miaka 72, akipanda mlima nchini Colombia. Ubongo wake ulipopasuliwa, ilionekana kwamba jeraha kubwa la kiharusi halikuwa limepona kamwe.

Kauli ya wale majirani naifahamu vizuri. Kwetu pia tunamficha mzee ndani ili watu wasimwone akihangaika, tukidhani tunamstahi.

Umri una uzito wake, sikatai. Mzee ana presha, sukari na magoti mabovu. Nafuu yake huja polepole, na wapo ambao hawatatembea tena hata wakijitahidi vipi. Takriban theluthi moja ya wanaonusurika kiharusi huingia katika sonona, na mwenye huzuni hiyo hana hamu ya mazoezi, kwa hiyo nayo itibiwe. Hata hivyo, nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo, na anayesubiri mzee "apate nguvu kwanza" anapoteza muda wenyewe. Wala pupa haifai: utafiti wa AVERT uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kuwa mazoezi mengi yanayoanza ndani ya saa 24 za kwanza yanapunguza uwezekano wa kupata nafuu nzuri. Vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo salama zaidi.

Kwa hiyo kabla hujamtoa mzee wako hospitalini, uliza ni mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, na nani atamfuatilia nyumbani. Usimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza, maana bega huteguka. Akitaka kushika kikombe mwenyewe, mwache ashike. Chai ikimwagika, mjazie tena.