Kioo Kilichokwenda Upande

Nataka kuwasimulieni habari ya usiku mmoja, mwalimu alipofundishwa na mwanafunzi wake.

Shule yetu ilipewa darubini ya namna ile aliyoitengeneza Isaac Newton katika mwaka 1668. Chini ya bomba lake mna kioo kikubwa, kilichobonyea kidogo kama sahani, kinachopokea nuru ya nyota na kuirudisha juu. Karibu na mdomo mna kioo kidogo kilichoinama, nacho huitupa nuru ile ubavuni, penye lenzi ya kutazamia. Vioo hivi visipoelekeana sawasawa, nuru hupotea njia.

Darubini ilisafiri kwa lori siku mbili katika barabara mbovu. Ilipofika, nikaielekeza kwenye sayari ya Zohali, nikatazama kwa haraka, nikawaita watoto waje waone pete yake. Kijana mmoja wa darasa la sita akachungulia, akasema, "Mwalimu, sioni pete. Naona kitu kama yai lenye mkia." Nikamkemea mbele ya wenziwe, nikamwambia hajui kutazama. Wote waliomfuata wakasema wameiona pete vizuri.

Walipokwenda kulala nikatazama tena, polepole. Lilikuwa yai lenye mkia.

Siku ya pili nikamwita yule kijana. "Mwanangu, jana ulisema kweli, nami nimekukosea. Njoo unisaidie." Mchana tulikikagua kile kioo kidogo, tukakiona ki mahali pake. Jua lilipokuchwa tukaitoa darubini nje ipoe, maana kioo chenye joto huitikisa hewa iliyo bombani. Tukazima taa zote ila moja ndogo, tukaifunika kitambaa chekundu. Kwa kuwa macho hutaka kama nusu saa kulizoea giza, na nuru nyeupe huyaharibu mara moja.

Tukachagua nyota yenye kung'aa, iliyo juu sana. Kijana akaisogeza lenzi hata nyota ikaacha kuwa nukta, ikatanuka ikawa pete nyingi, moja ndani ya nyingine, na ndani yake doa jeusi, kivuli cha kile kioo kidogo. Lakini doa halikuwa katikati, lilisukumwa upande.

Basi nikapiga magoti nyuma ya bomba, penye skurubu tatu za kioo kikubwa, naye akasimama penye lenzi. "Kidogo, Mwalimu. Umepita. Rudisha." Kila nilipogusa skurubu nyota ilikimbia, ikatubidi kuirudisha katikati ndipo tuweze kupima. Tena dunia huzunguka, na nyota haimngoji mtu. Watu wa kaskazini hutumia Nyota ya Kaskazini, ambayo karibu haihami. Sisi tulio kusini ya ikweta hatuioni. Mimi sikuona kitu ila mikono yangu na majani yenye umande. Ilinipasa kuyaamini macho yale niliyoyadharau jana.

Baada ya saa nzima akasema, "Basi, Mwalimu. Usiguse tena." Nikainuka, nikatazama. Doa limekaa katikati kama mboni ya jicho. Tukaigeuzia darubini Zohali. Na pete ilikuwapo, nyembamba, safi, na weusi wa mbingu kati yake na sayari.

Asubuhi nikaliambia darasa zima yaliyotokea. Kosa la kioo lilitengenezwa kwa skurubu tatu. Kosa la kuwatisha watoto hata wakasema wameona wasichokiona lilikuwa langu, na kulitengeneza kulichukua siku nyingi zaidi. Tangu hapo, mtoto akiniambia, "Sioni," kwanza nakikagua kioo.