Anahifadhi kwa Ghaibu, Lakini Kusoma Kunamshinda

Mwanangu wa kiume alipotimiza umri wa miaka minane alikuwa amekwisha kuhifadhi Juzuu Amma yote, kwa kumsikiliza bibi yake baada ya sala ya Alfajiri. Hata hivyo, ustadhi wake wa madrasa alipomfungulia msahafu na kumwekea kidole katikati ya Surat An-Nabaa, hakuweza kuitambua aya aliyoisoma kwa ghaibu dakika moja kabla. Shuleni nako aliweza kumsimulia mwalimu somo zima la sayansi, kisha akakwama kwenye mstari wa kwanza wa kitabu.

Yaliyosemwa juu yake yalikuwa mengi. Mwalimu alimwita mvivu. Ustadhi alidhani anafanya mzaha na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, jambo lililomstahilisha bakora. Wifi yangu alisema ni kijicho, asomewe ruqya. Tukamsomea, nami sioni ubaya wa kumkinga mtoto kwa maneno ya Mola wake. Lakini dua haimzuii mzazi kutafuta sababu, na mtoto aliyeanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi hakuwa na muda wa kusubiri.

Hali hiyo inaitwa disleksia. Jina hilo lilitolewa na daktari wa macho wa Kijerumani, Rudolf Berlin. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika juu ya kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwerevu na hodari wa michezo, ambaye aliliandika jina lake mwenyewe “Precy” wala asilione kosa. Niliposoma habari hiyo nililia, kwani nilikuwa nimemwona Percy wangu jikoni akihangaika na jina la baba yake.

Si ugonjwa, wala si upungufu wa akili. Ubongo hupata shida kuzitenga sauti za neno na kuziunganisha na herufi zake, na mara nyingi jambo hili hurithiwa katika ukoo. Kiswahili chetu, ambacho karibu kila herufi ina sauti yake, huificha hali hii: mtoto hujikongoja, akafika mwisho wa sentensi akiwa amechoka na maana imempotea, na watu wakasema “anasoma, ila polepole”. Kiingereza humfichua vibaya zaidi. Katika Kiarabu, nukta moja ndiyo inayotenganisha ba na nun, au jim na kha.

Upimaji wenyewe hauna sindano wala picha ya kichwa. Kwanza tulielekezwa kupima macho na masikio, ili kuhakikisha kwamba tatizo haliko huko. Yote yalikuwa mazima. Kisha mtaalamu aliketi naye asubuhi mbili. Alimuuliza: katika neno “paka”, sauti ya kwanza ikiwa “t”, tunapata neno gani? Alimpa maneno ya kubuni yasiyo na maana, ambayo hakuna mtoto anayeweza kuyakisia kwa mazoea. Alimtaka ataje herufi upesi, arudie tarakimu, aandike imla, na apange maumbo bila kusoma chochote. Nami niliulizwa alianza kusema lini, na kama kuna jamaa aliyeacha shule kwa sababu ya kusoma. Baba yake alikaa kimya kitambo, kisha akamtaja kaka yake.

Majibu yalionyesha akili iliyo juu ya umri wake na usomaji ulio nyuma kwa miaka miwili. Mtaalamu hakuahidi kuiondoa hali hiyo, kwani mtu huishi nayo. Alitupa njia: sauti moja moja, kwa utaratibu, kila siku kwa muda mfupi, mtoto akiitamka herufi huku akiichora kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Bibi yake alicheka; yeye alijifunza alifu na bee kwa kuandika kwenye ubao wa chuo.

Nilimpelekea ustadhi taarifa ile, nikamkumbusha Hadithi ya Bi Aisha (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, juu ya ujira maradufu wa anayesoma Qur’ani kwa tabu na kigugumizi. Aliijua kuliko mimi, bila shaka. Alinyamaza, kisha akaiondoa ile bakora ukutani. Sasa humsikiliza kwanza kwa ghaibu, ndipo wafuate maandishi pamoja, mstari mmoja tu kwa siku.

Shule imekuwa nzito zaidi. Mwalimu mkuu ameipokea taarifa kwa heshima, lakini ombi letu la kuongezewa muda na kusomewa maswali kwa sauti katika majaribio ya darasa halijajibiwa, na mtihani wa darasa la nne ni mwishoni mwa mwaka. Jumatatu ninarudi tena ofisini kwake, safari hii pamoja na baba yake na yule kaka yake.